Nishani Iliyomtoa Baba Nje

Harufu ya majani yaliyochachuka tumboni mwa kondoo, hata leo nikipita machinjioni, inanirudishia baba yangu Yeremia amesimama nje ya tembe letu, kifua wazi, na bibi Mbeleje, mama yake mzazi, anampaka majani hayo mabegani. Baba alikuwa ametoka vita vya msituni Kenya, alikopelekwa na jeshi la mkoloni. Nyumbani kwetu, mtu wa vita hakuvuka mlango kabla ya kusafishwa, wala hakusafishwa kabla ya kusema kwa mdomo wake ametenda nini huko, maana damu isiyotajwa huingia na mtu mpaka chunguni, mpaka kwa watoto. Bibi akamuuliza. Baba akajibu, "Nilibeba mizigo tu, mama." Basi akapakwa, akaingia, mama yangu Nyemo akapiga vigelegele, tukala ugali wa uwele na mlenda pamoja. Msimu ule wa mvua nilishiba baba.

Mtama ulipoanza kutoa masuke akaja Daudi, tarishi wa bomani, na kisanduku kidogo. Ndani mna nishani: duara la fedha, kichwa cha malkia, na utepe. Mimi niliona pambo. Bibi aliitazama bila kuigusa.

"Daudi, waliobeba mizigo hupewa hii?"

Daudi, mtu wa mzaha, akacheka. "Thubutu! Mjomba wangu kabeba mizigo mpaka shingo ikazama mabegani, karudi na blanketi, tena lenye chawa. Hii ya wapiga bunduki, mama!"

Kicheko kikamfia mdomoni. Bibi alikuwa amemgeukia baba. "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilimsafisha nani, basi?"

"Mama, niache."

Bibi hakupiga kelele. Alimfunga kondoo mwingine kwenye nguzo ya zizi, akasema, siku utakayosema tutamchinja huyu. Tangu hapo baba alilala nje, na chakula chake nilimpelekea mimi, akala peke yake. Mama alimbembeleza, "Baba Tabitha, sema basi, uingie ndani." Baba alikuwa akiisugua ile nishani kwa kidole gumba, midomo inacheza. Mavuno yalipoisha akaondoka na nishani yake kwenda mashamba ya mkonge, asirudi tena. Kondoo alizeekea kambani.

Sasa naishi mjini, Kizota, kwa mjukuu wangu. Majuzi kijana wa mama Rehema, jirani yetu, amerudi kutoka kulinda amani nchi za watu, nishani inameta kifuani. Muziki, pilau, picha. Wiki haijaisha mama yake akaja kunilalamikia: mtoto hasemi na mtu, anakaa tu uani anatazama ukuta. Nikamuuliza, "Alipofika, kuna aliyemuuliza huko alitenda nini?"

"Aa, bibi, nani amuulize? Sisi tulimtandikia zulia mpaka barabarani."

Bibi Mbeleje alikuwa mkali, na ukali wake ulininyima baba. Moyo wangu haujamsamehe hadi leo. Lakini aliuliza.