Viganja vyangu vilibambuka, wateja wakakimbia: kumbe haikuwa pumu ya ngozi

Wakuu, salaam kutoka Kansanga, Kampala. Nasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe, na sitaruka hata sehemu zinazonitia aibu.

Mimi ni msusi. Nilijifunza peke yangu kwa video za simu, kwa hiyo kila siku naogopa mtu atagundua sijui kazi. Mstari ukipinda kidogo, nafumua naanza upya.

Mwaka jana viganja vilianza kutoa viduara vyeupe, kama malengelenge yasiyo na maji. Vikipasuka, ngozi inabambuka.

Duka moja la dawa wakasema pumu ya ngozi, wakanipa tyubu. La pili wakasema fangasi, tyubu nyingine. Wapi!

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi. Nikawa naosha mikono kwa sabuni ya unga kabla ya kila kichwa. Halafu (chekeni tu) nachukua mkasi wa kukatia rasta, napunguza ngozi inayoning'inia ili kingo zilingane. Hata ugonjwa nilitaka unyooke!

Siku moja Mama Furaha, Mkongo mwenzangu na mteja wangu wa kwanza kabisa, akaona vipande vya ngozi begani kwake. Akasimama, kichwa kimesukwa nusu.

"Dada, mimi nalala kitanda kimoja na watoto. Nikiwapelekea hii?"

Akafunga kitambaa, akaenda. Wiki hiyohiyo wengine wawili wakahama. Nililia.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa ngozi.

"Nyabo," yaani bibi kwa Kiganda, "inawasha?"

"Hapana."

Akakwangua kidogo, akapima. Hakuna fangasi. Akasema inaitwa keratolysis exfoliativa, si ya kawaida sana, na haiambukizi. Nilipomtajia mkasi, alivua miwani.

"Kumbe unajipasua mwenyewe bila leseni?"

Akaniandikia krimu yenye urea, ya kulainisha ngozi. Sabuni ya unga marufuku, na glavu kila ninapochovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zisifumuke.

Nikamfuata Mama Furaha kwake, nikamweleza yote. Kwa habari ya mkasi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akavua kitambaa: nusu ile ile!

"Wiki nzima nimejifunga kitambaa, watu wananiuliza kama nimefiwa. Njoo umalize."

Joto likizidi bado nabambuka kidogo. Naacha idondoke yenyewe, na siku hizi nalala vizuri.

Nilichojifunza: kama haiwashi na tyubu hazisaidii, acheni kubahatisha, muoneni daktari wa ngozi.

Kuna mwenye viganja kama vyangu humu? Na wasusi, glavu gani hazitelezi kwenye rasta?