Makopo Yaliyorudi Matupu

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2008, msimamizi wa regista alinipa kalamu mbili akanionya, akiniita papa kama sisi Wakongo tunavyowaita wazee: "Papa, hapa hatukadirii." Nilitaka kumwambia kwamba nimeuza vitenge miaka ishirini na sijawahi kuamini hesabu niliyoifanya mara moja. Nikazipokea kalamu. Nilihitaji kazi.

Kila kliniki ya serikali ilikuwa na regista ya dawa: daftari pana ambamo kila mgonjwa ana mstari wake, na kila mwezi mwuguzi anaandika dawa aliyompa. Sisi wa mradi wa utafiti tulinakili mistari ile, tukaondoa majina, tukaweka namba za siri. Nakala zetu zikajumlishwa na za mikoa mingine, ili watafiti wajue dawa za ARV zinafanyaje kazi nchi nzima.

Nilianzia kliniki ya mtaa wa Overport, kisha nikapelekwa kliniki iliyo karibu na bandari. Huko Wakongo wenzangu walikuwa wengi, basi nikaongezewa kuhesabu vidonge: mgonjwa anarudisha kopo, unahesabu vilivyobaki, unajua kama anameza.

Mwaka 2011 Profesa, mama wa Kikenya aliyeongoza utafiti wetu kutoka chuo cha Westville, aliniita. Mezani alikuwa na orodha ya namba.

"Mzee, hawa wanachukua dawa kwa tarehe, makopo yanarudi matupu, na bado damu imejaa virusi. Virusi vimeizoea dawa. Napendekeza wahamishiwe ile ya pili."

Ile ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho tuliyokuwa nayo. Ikishindwa, basi.

Nikaisoma orodha, nikairudia. Kopo tupu, kopo tupu, miezi yote. Mimi ni mtu wa soko. Mtu wa kweli husahau, husafiri, hutapika. Hubakiza viwili vitatu. Kitu kinachokwisha sawasawa kila mwezi kina mlaji mwingine.

Wiki ile Mama Neema, msusi wa nywele, alinisukumia kopo lake.

"Iko tupu, papa. Nilikunywa yote."

"Sawa, mama. Weye na nani?"

Akatazama mlango. "Unataka nifungwe?"

"Miye? Nikufunge na kalamu?"

Akacheka kidogo, kisha akalia. Bwana wake alipakua makontena bandarini. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimeisha muda, naye aliamini kliniki itamkabidhi kwa polisi. "Nikikunywa peke yangu, atakufa. Nikimupa yote, nitakufa miye. Tunagawa."

Kugawa dozi ni kuvifundisha virusi kuishinda dawa, ndani ya watu wawili. Lakini nilikuwa nimetia sahihi kiapo cha siri, na fomu haikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Nikaenda Westville kupatana.

"Profesa, usipeleke orodha. Nipe miezi miwili niwaulize swali moja: dawa hii inamezwa na watu wangapi?"

"Ati miezi miwili? Mzee, regista inaandika dawa imetoka. Haiandiki nani amemeza."

"Ndiyo maana tuulize."

"Wiki mbili."

"Wiki sita. Anayejibu 'wawili' asigombezwe, na yule wa pili afunguliwe faili bila kuulizwa karatasi."

"Eish, wewe! Mwezi mmoja. Hiyo ya karatasi nitaongea na matroni wa kliniki mimi mwenyewe."

Mwezi ulitosha, maana kila mgonjwa hupita mara moja kwa mwezi. Si wote waliojibu "wawili", lakini waliojibu hivyo walitosha kumfanya Profesa asiipeleke orodha.

Bwana wa Mama Neema alikuja na buti za kazini. Mwuguzi akamwuliza kwa nini amechelewa hivi kuanza dawa. Nikamtafsiria.

"Kuanza?" akasema. "Nilianza zamani. Ni nyinyi hamukuniandika."

Tukamwandika. Mstari wake ulifika mwezi wa tisa, ukakoma pamoja naye. Mwili ulikuwa umeshachoka. Mama Neema, kwa dozi kamili ya dawa ileile ya kwanza, virusi vyake vilishuka: kumbe havikuwa vimeizoea.

Nilistaafu mwaka 2015. Vijana sasa wana kompyuta, na mtu anaweza kusoma dawa za maelfu bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Sina ugomvi na hilo, mradi aulize. Katika makala ya Profesa, baada ya majedwali mengi, kuna sentensi moja inayosema kwamba dawa iliyoandikwa kwa mtu mmoja huenda ilimezwa na wawili. Hakuna jina, ndivyo tulivyoapa.

Mama Neema aliniomba nimsomee. Nikamgeuzia kwa Kiswahili, polepole. Akataka nimwonyeshe mahali penyewe kwenye ukurasa, akaweka kidole pale penye "wawili", hakukiondoa.

"Basi yeye iko hapa," akasema.