Fundi Zablon na Mechi ya Pasaka

Tangu ajifunze kushika spana, Zablon hakuwahi kuiamini tyubu kwa kuitazama tu. Mara nyingi mteja alifika na baiskeli yake akiapa kwamba upepo unatokea kwenye vali. Fundi alimwacha aape mpaka achoke, kisha aliitoa tyubu nzima, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji na kuizungusha taratibu mpaka mapovu yaanze kupanda. Hapo aliinua macho na kumtazama mteja kana kwamba ndiye aliyetoboka. Tuseme ukweli, kazi ile ilimharibu. Miaka ilivyozidi kwenda, alianza kuwazamisha na binadamu.

Alifanyia kazi barazani mwa duka la vipuri la Mzee Premji, katikati ya mji wa Tabora, na kutoka pale aliwashuku watu kwa zamu. Muuza maziwa anatia maji. Mwenye mashine ya kusaga anabakiza unga kwenye mfereji makusudi. Hata mchungaji wake wa Moravian, siku hizi anafupisha mahubiri, lazima kuna mahali anawahi. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwamini bila kumpitisha kwenye beseni, mkewe Agnetha, na Agnetha alifariki mwaka uliopita, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yameisha. Alimwachia nyumba ya mtaa wa Itetemia na watoto wawili: Advera, mshona nguo, na Tobias, beki wa kushoto wa Kazeh Stars, timu ya mji inayocheza ligi kuu.

Sasa, katika ushirika wa Zablon, Pasaka haianzii kanisani. Inaanzia makaburini. Kabla jua halijatoka, matarumbeta hupita mitaani kuwaamsha waumini, watu wakaandamana mpaka makaburini na kusimama wakielekea mashariki. Hapo mchungaji husoma majina ya waliozikwa tangu Pasaka iliyopita, na kila jina likisomwa, mmoja wa nyumba ile huitikia kwa sauti, "Amelala, ataamka." Jina husomwa Pasaka moja tu. Ukiikosa hiyo, umeikosa.

Agnetha, akiwa kitandani, alilisema jambo lake mapema. "Jina langu aliitikie Tobias. Wewe utalia, na Advera sauti yake haifiki mbali."

Zablon aliahidi. Ahadi ile aliibeba mwaka mzima kama mtu aliyebeba mayai sokoni.

Ndipo ratiba ilipotoka. Mteja mmoja aliyekuja kujaza upepo alisema kwa furaha, "Mzee, Jumapili ya Pasaka hatulali! Stars wako nyumbani, saa kumi jioni."

Zablon aliacha kupampu. "Pasaka? Nani kapanga?"

"Si ligi, mzee."

"Ligi haina mikono. Nauliza nani kapanga."

Mikono aliipata haraka. Ilikuwa ya Hitesh, mtoto wa Mzee Premji, mdhamini wa timu. Hitesh alikuwa ameingiza fedha zake kwenye jezi na kwenye basi, na tangu hapo alitembea kama aliyeoa upya. Kwa Zablon hesabu ilikuwa rahisi: sikukuu watu wako nyumbani, uwanja unajaa, nani anafaidi? Kwamba ratiba hupangwa mbali na Tabora, na mtu asiyejua hata baraza la Premji liko wapi, hilo halikumpitia kichwani.

Jumatano ya Juma la Mateso alimkabili Hitesh palepale barazani.

"Shikamoo, Mzee Zablon," Hitesh alisema akishuka kwenye pikapu yake.

"Marahaba. Wewe, hivi siku ya Bwana kufufuka mnacheza mpira, hamwogopi?"

"Mzee wangu, ibada yenu si alfajiri? Mpira ni jioni. Sikukuu ndiyo siku watu wana nafasi ya kukaa na watoto wao. Uwesu, nahodha wetu, siku ya Idi anaswali asubuhi na jioni anavaa viatu. Mbona hajafa?"

"Siku ya Mungu haikatwi vipande. Asubuhi yake, jioni ya Hitesh? Na vijana mnawafungia kambini tangu Alhamisi Kuu! Mwanangu ana jina la mama yake la kuitikia."

Hitesh alitazama ndani ya duka, akatazama barabarani, akashusha sauti. "Kocha huyu mgeni ni mkali. Ameshasema, anayetoka kambini hachezi, hata awe nani. Mzee, nakuomba utulie. Jambo hili usilisemee sana. Nenda zako makaburini na amani."

Akapanda gari akaondoka.

Ukitaka kumfanya Zablon asitulie, mwambie atulie. Machale yalimcheza kuanzia utosini. Kwa nini asisemee? Kwa nini mtu mzima ashushe sauti mbele ya duka la baba yake?

Mzee Premji, aliyekuwa amekaa nyuma ya kaunta akisikia kila kitu, alimwaga mafuta kwenye moto. "Ndugu Zablon, huyo Hitesh mimi mwenyewe kanidanganya. Diwali mwaka jana aliniambia anakwenda kuona mgonjwa. Mimi nimefunga duka, nimewasha taa zangu na Jasoda mke wangu, tunasubiri. Kumbe yuko uwanjani anapiga vuvuzela! Jasoda alilia." Alitikisa kichwa. "Mtu akiingia mpira, usimsadiki."

Basi ikawa ushahidi umekamilika.

Alhamisi jioni Tobias alipita nyumbani kuchukua begi. Zablon alimsimamisha mlangoni.

"Jumapili alfajiri utakuwepo?"

"Nitakuwepo, baba."

"Umemwomba kocha ruhusa?"

Tobias aliinama kufunga kamba za viatu, ambazo Zablon aliona kabisa zilikuwa zimefungwa. "Baba, nimesema nitakuwepo. Mama siwezi kumfanyia hivyo."

"Nimekuuliza habari ya kocha."

"Bodaboda inanisubiri," alisema kijana, akatoka. Simu yake haikupatikana tena tangu usiku ule, maana kambini simu zilikusanywa. Zablon alijua kwamba simu hukusanywa. Hata hivyo alipiga, na kila alipoambiwa haipatikani alizidi kuamini kuwa anafichwa.

Jumamosi ndiyo siku ya kupaka makaburi chokaa. Zablon na Advera walikuwepo tangu asubuhi, yeye akipiga brashi, binti akipanga mawe madogo kuzunguka kaburi la mama yake. Fundi alihisi pengo la mkewe siku ile kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi watu walikuwa wengi na hapakuwa na nafasi ya kuhisi pengo.

Mchungaji alipita akikagua kazi. "Fundi, nani wa kuitikia kwako?"

"Tobias," alijibu Zablon, akimkazia macho kuona kama atashtuka. Mchungaji hakushtuka. Alitabasamu, na tabasamu lile Zablon hakulipenda hata kidogo. Viti vipya vya kanisa vilitoka wapi? Si kwa Hitesh?

Nyumbani, jioni, Zablon alimkuta Advera uani anapiga pasi shati jeupe la Tobias na suruali yake nyeusi. Alipomaliza alivikunja, akavitia kwenye mfuko na kumkabidhi kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja nje.

"Hivyo vinakwenda wapi?"

Advera aliruka. "Kambini, baba. Ni shati tu."

"Kambini watu wanavaa suti za mazoezi. Shati la pasi la nini?"

"Baba, tafadhali." Binti alianza kukunja blanketi la kupigia pasi. "Wewe kesho uje tu makaburini."

"Nije? Mimi nimewahi kukosa? Mbona kila mtu ananisukuma makaburini?"

Advera aliokota pasi akaingia nayo ndani, na Zablon akaelewa, au alidhani ameelewa. Kuna sherehe. Timu ikishinda, Hitesh atawapeleka vijana mahali, wavae mashati ya pasi, wanywe, na jina la Agnetha lisomwe hewani bila mtu wa kuitikia. Na bintiye mwenyewe yumo ndani ya njama. Alikaa kitandani na hasira yake, akakata shauri.

Alfajiri ya Pasaka, matarumbeta yalipoanza upande wa kanisani, Zablon alikuwa tayari ameshatoka na baiskeli yake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vya kung'aa, ila badala ya kushika njia ya makaburini alishika ya mjini, akanyonga kuelekea nyumba ya wageni iliyokuwa kambi ya Stars, barabara ya Nzega. Atamtoa mwanawe mwenyewe. Atamkalisha nyuma kwenye keria, mtu mzima na miguu yake mirefu, ampeleke mbele ya kaburi la mama yake. Muda ulikuwepo. Majina husomwa jua likichomoza.

Mlinzi, Mabruki, alikuwa ndiyo kwanza anakunja mswala wake.

"Namtaka Tobias. Mimi baba yake."

"Shikamoo, mzee. Hayupo."

"Mlinzi gani duniani amewahi kusema mtu yupo?"

"Mzee wangu." Mabruki alisogea karibu, akaongea kwa kunong'ona. "Nakuambia hayupo. Rudi taratibu, usiamshe watu. Nakusihi."

Kunong'ona tena! Hitesh alinong'ona, Advera alikwepa swali, sasa na huyu. Zablon alihisi damu inampanda. Aliegemeza baiskeli ukutani, akauweka mkono kinywani kama tarumbeta, maana ujanani aliwahi kupiga tarumbeta na mapafu alikuwa nayo bado, akaita.

"Tobiaaas! Toka nje! Mama yako anasomwa!"

Dirisha moja likafunguka, likafuata lingine. Uwesu, nahodha, alichungulia, akamwona mzee, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha mlango wa mwisho ukafunguka na kocha akatoka, kifua wazi, taulo begani.

"Kuna nini hapa?"

"Mnamficha mwanangu," alisema Zablon. "Fungua chumba chake nione kwa macho yangu."

Mabruki alitazama chini. Kocha hakuuliza mara mbili. Alikwenda mpaka chumba cha Tobias, akasukuma mlango, akawasha taa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na juu yake palikuwa na suti ya mazoezi iliyokunjwa na mfuko mtupu, ule alioutia Advera mkononi mwa kijana wa bodaboda.

"Beki wangu yuko wapi?" kocha aliuliza kwa utulivu mbaya.

Zablon aliutazama ule mfuko. Aliutazama tena. Kisha akaanza kuelewa, polepole, kama povu la kwanza linalopanda kwenye beseni, na alitamani alirudishe chini.

Alinyonga baiskeli kama mwizi anayefukuzwa. Mbali, ng'ambo ya mji, matarumbeta yalibadilisha wimbo. Aliujua ule wimbo. Hupigwa majina yakikaribia. Kisha yakanyamaza, na ule ukimya aliujua pia, akanyonga huku machozi yanamtoka, akisema, "Subirini, subirini kidogo," na anayemwambia hayupo. Mbele yake jua lilikuwa limeshatoa ukingo wake.

Alipofika, watu walikuwa wakipeana mikono na kutakiana heri. Kando ya ua wa makaburi ilisimama pikapu ya Hitesh, na Hitesh mwenyewe amesimama pembeni, amevua kofia, kama mtu aliyekuja msibani kwa jirani. Mbele ya kaburi lililopakwa chokaa alisimama Tobias, shati lake jeupe limenyooka. Advera alikuwa amemshika mkono.

"Baba!" Advera alimwona kwanza. "Umekuwa wapi? Jina la mama limeshasomwa. Tobias ameitikia, watu wote wamesikia mpaka barabarani. Mchungaji alikuwa anakutafuta kwa macho."

Miaka yote Zablon aliwasema watu wanaokosa Pasaka, aliwataja barazani kwa majina, na leo wa nyumba ya Agnetha walikuwepo wote isipokuwa yeye.

"Hitesh alinitoa kambini kimya kimya," alisema Tobias. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyetua mzigo. "Pale kambini wanajua Mabruki na Uwesu tu. Tulikuficha, baba, utusamehe. Hitesh alisema ukijua utataka kwenda kuhakikisha." Alicheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Tunarudi sasa hivi kabla kocha hajaamka, nikajilaze. Jioni nacheza kwa ajili ya mama. Lakini wewe ulikuwa wapi?"

Zablon alivua kofia yake. Aliitazama pikapu, akaitazama chokaa aliyoipaka jana kwa mikono yake, akamtazama mwanawe aliyekuwa akingoja jibu.

"Nilikuwa kambini kwenu," alisema.

Kicheko cha Tobias kilikatika. "Kocha alikuwa amelala?"

"Alikuwa amelala," alisema Zablon. "Nimemwamsha mimi."