Miaka Kumi na Moja ya Kukaimu

Kwao walimwita Mama Zamu. Ugenini hakuna aliyelijua jina hilo isipokuwa mumewe, maana huku wauguzi wote waliotoka nje waliitwa Sista, na ukiita Sista koridoni wanageuka wanne. Beji yake nayo ilikuwa na jina moja tu, lile fupi, kwa sababu mtambo wa kuchapa beji ulikataa mengine.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa na magoti ya mtu wa sabini. Miaka minne ya mwanzo aliitumia kulisha na kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, huku vyeti vyake vikizungushwa dawati hadi dawati. Vilihakikiwa, vikapotea, vikahakikiwa upya. Muuguzi wa miaka ishirini kazini akaelekezwa kukunja shuka na binti aliyemaliza shule juzi, na akazikunja. Mwaka wa tano bodi ikamtambua kuwa muuguzi, daraja la chini kabisa, akapangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Wanaume wa wodi ile walikuwa na miili. Kumgeuza mmoja tu kitandani kulitaka watu wawili, na mara nyingi watu wawili walikuwa yeye na roho yake.

Sasa alikuwa na mwaka wa pili hapo. Asubuhi moja, akiwa amesimama kwenye kijichumba cha chai anameza dawa ya maumivu, akaona tangazo limebandikwa juu ya birika. Kozi ya uongozi kwa wauguzi waliosomea nje. Nafasi sita. Anayemaliza anapandishwa kuwa kiongozi wa zamu: anapanga, anakagua, anaamua, na kuinua wanaume wazito kunakuwa kwa nadra. Sharti moja, uthibitisho kwamba mwombaji aliwahi kuongoza wodi kwa muda usiopungua miaka miwili.

Alilisoma mara tatu. Miwili tu. Yeye alikuwa nayo kumi na moja.

Ndiyo, kumi na moja, na hapa lazima nimtaje Bi Semina, kama wauguzi walivyombatiza. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi kule kwao, mwenye barua ya cheo, muhuri na kiti cha kuzunguka. Siku moja alikwenda semina ya wiki mbili. Kabla hajaondoka alikutana na Mama Zamu koridoni, mmoja anatoka, mwingine ameshika beseni, akamwambia, "Nikaimie, mdogo wangu, narudi sasa hivi." Akarudi kweli, na begi jipya na cheti, akakaa siku nne, akaenda semina nyingine. Baadaye ikawa masomo, kisha mradi, kisha kamati ya mradi. Mshahara na cheo viliendelea kumsubiri kama kawaida, na wodi ikaendelea kuwa yake kwenye karatasi.

Kwenye sakafu ilikuwa ya Mama Zamu. Yeye ndiye aliyepanga ratiba za zamu. Yeye ndiye aliyegombana na stoo kuhusu bandeji, aliyelaza wagonjwa wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, aliyewafundisha wauguzi wapya kushika mkono wa mgonjwa kabla ya kushika chati. Na kila karatasi ilipofika mwisho, pale pa saini, aliandika zile herufi tatu ambazo kila mtu aliyewahi kukalia ofisi ya mwenzake anazijua: k.n.y. Kwa niaba ya. Halafu jina la Bi Semina, halafu muhuri wake. Ndivyo utaratibu unavyotaka, na Mama Zamu alikuwa mtu wa utaratibu. Mumewe alimtania kwamba siku akifa hata kaburini wataandika k.n.y., na yeye alicheka, kwa sababu wakati ule magoti yalikuwa bado mazima.

Basi jioni ya siku ya tangazo alipiga simu kwao. Aliyepokea alikuwa Kinanda, binti aliyeitwa hivyo kwa kuongea bila kupumzika, ambaye Mama Zamu alimpokea wodini akiwa hajui hata kufunga dripu. Leo Kinanda ndiye mkuu wa wodi ileile, na barua anayo.

"Dada," Kinanda alisema, "kwa hilo usiwe na shaka. Mimi nisiposhuhudia nani ashuhudie? Nipe siku mbili."

Siku mbili zikawa nne, na ya nne Kinanda alipiga mwenyewe. Hakuongea sana, na hapo tu Mama Zamu akajua mambo yameharibika.

"Faili lako nimelipata, Dada. Limeliwa na panya pembeni, ila linasomeka. Linasema muuguzi daraja la pili. Mwanzo mpaka mwisho."

"Na kukaimu?"

"Hakuna barua. Ulipewa barua?"

"Niliambiwa koridoni."

"Katibu wa hospitali anasema hawezi kugonga muhuri kwenye jambo ambalo halimo kwenye faili. Nimembembeleza mpaka nimeona aibu."

Mama Zamu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi. Akauliza kuhusu madaftari ya ripoti, yale makubwa yenye jalada la kitambaa. Kinanda alikuwa ameshayatoa stoo. Mwandiko ulikuwa wa Mama Zamu ukurasa hadi ukurasa, angeujua hata gizani, lakini chini ya kila ukurasa palikuwa na Bi Semina.

"Kwa nini hukuwa unaandika jina lako, Dada? Hata mara moja moja."

"Wodi haikuwa yangu."

"Ilikuwa ya nani sasa?"

Kinanda alipiga picha kurasa kumi na nne, akaandika kwa mkono wake barua ndefu ya ushuhuda, isiyo na muhuri, akatuma vyote. Mama Zamu aliambatanisha na fomu, akawasilisha siku moja kabla ya mwisho, na kwa wiki nzima akawa mtu wa matumaini, jambo ambalo lilimchosha kuliko wagonjwa.

Jibu lilikuja mchana wa mapumziko. Alilisoma kwenye kompyuta ya kaunta ya wauguzi, mkate mkononi. Lilikuwa na adabu zote. Walimshukuru. Walisema barua ya mwenzake wameipokea, lakini haina uzito wa kiofisi. Na kuhusu kurasa kumi na nne walisema kwamba zinathibitisha wazi kuwa wodi iliongozwa kwa miaka mingi na kwa umakini mkubwa, na wakamtaja aliyeiongoza. Ni Bi Semina, kwa jina lake kamili, bila kosa hata la herufi moja.

Alifunga ukurasa. Mkate aliumaliza, kwa sababu zamu ilikuwa bado na saa nne na hakuna anayeinua mwanaume mzito akiwa na njaa. Hakulia. Kilichompata ni uchovu wa aina nyingine, ule unaomshukia mtu akigundua kwamba alijichosha mwenyewe. Hakuna aliyemwibia miaka ile. Aliigawa kwa kalamu yake, ukurasa mmoja mmoja, tena kwa mwandiko mzuri.

Mumewe alimwangalia akiingia nyumbani akajua. Kwao alikuwa mwalimu, huku alipanga maboksi ghalani, kwa hiyo habari za karatasi zinazokataa hakuhitaji kusimuliwa. Alimvua viatu, akamwekea miguu kwenye beseni la maji ya moto, na utani wake wa kaburi hakuurudia. Mama Zamu aliona jinsi alivyoumeza, na akamshukuru kimoyomoyo.

Jumatatu iliyofuata, saa moja kasoro asubuhi, kiongozi wa zamu alipiga simu kwamba anaumwa. Msimamizi wa wodi, mwanamke mwenye heshima zake na haraka zake, mdogo kwa Mama Zamu kwa miaka kumi na tano, alikuja anatembea mbiombio na karatasi ya zamu kifuani.

"Sista, nishikie zamu leo. Wewe unaijua kazi kuliko hawa wote, mimi najua."

"Sawa."

"Saini hapo chini kwa niaba yangu. Mimi niko kikaoni mpaka saa nane."

Mama Zamu alichukua kalamu. Nataka msomaji aelewe kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na moja ya mazoezi. Uliandika k, ukaweka nukta, na hapo ndipo mwenye mkono alipoamka.

Aliinua kalamu. "Naomba uniandikie," akasema.

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba leo kiongozi wa zamu ni mimi."

Msimamizi aliangalia saa ya ukutani. "Sista, ni siku moja tu."

"Ile nyingine pia ilianza kwa wiki mbili."

Msimamizi hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. Kengele ya kitanda cha tisa ikalia. Mgonjwa wa tisa alikuwa ametoka upasuaji jana yake, na Mama Zamu alimjua, alijua anataka kugeuzwa upande wa kushoto na mto chini ya goti. Miguu yake ilitaka kwenda. Maisha yake yote, kengele ikilia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, na ndivyo walivyompata siku zote: huwezi kudai karatasi huku mtu anaumia. Wodi nzima, kule na huku, iliendeshwa kwa kujua kwamba mtu kama yeye ataiacha karatasi.

Akabaki amesimama pale pale. Alimwita msaidizi kwa jina, akamwambia, "Kitanda cha tisa, mgeuze kushoto, mto chini ya goti, nakuja kumwona." Kengele ikanyamaza. Halafu akamgeukia tena msimamizi, amenyoosha kalamu, na moyo unamwenda mbio kama wa mtu aliyefanya kosa.

Msimamizi alivuta karatasi tupu, akaandika mistari miwili, akaweka tarehe na saini. "Jina lako kamili?" akauliza. Mama Zamu akalikata lile k la kwenye karatasi ya zamu, na pembeni akaandika jina lake, yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake. Msimamizi alilinakili polepole. Kisha akaliangalia.

"Kumbe ndivyo unavyoitwa," alisema, si kwa ubaya. Walikuwa wamefanya kazi pamoja mwaka mmoja na miezi saba.

Zamu ilikuwa ngumu kama zamu zote. Wawili walitoka, watatu waliingia, dripu moja ilivuja, mzee wa kitanda cha nne akamwita kila aliyepita mke wangu. Aliongoza kama alivyokuwa akiongoza siku zote, na alipotoka saa tisa magoti yalikuwa yanapiga kelele. Ile karatasi ya mistari miwili aliiweka kwenye mkoba, ndani ya kitambaa safi.

Nyumbani mumewe aliisoma akiwa amesimama. "Siku moja," akasema.

"Wanataka miaka miwili."

"Basi umebakiza miaka miwili kasoro siku." Akaikunja, akaiweka kwenye bahasha ya vyeti, juu kabisa. Hawakucheka sana. Kuhusu miaka miwili iliyo mbele, wote wawili walijua magoti yale nayo yana kauli yake.

Alipiga simu kwa Kinanda kumweleza, maana Kinanda alikuwa akisubiri kwa hatia isiyo yake. Alimkuta bado ofisini, anajiandaa kwa likizo ya mwezi mzima. Kinanda alimsikiliza mpaka mwisho, akafurahi, akaanza kuongea kama zamani, na Mama Zamu akamwacha aongee. Kisha akauliza, bila kutafuta kitu, "Wodi unamwachia nani?"

"Yupo binti mmoja, mzuri sana huyo, Dada. Kila nikisafiri yeye ndiye. Hapa tunavyoongea anapanga ratiba ya mwezi ujao."

"Barua umempa?"

Nyuma ya Kinanda, Mama Zamu alisikia kiti kinasogezwa, na karatasi zinafunuliwa.

"Chini anasainije?"

"Anasaini..." Kinanda akashusha sauti. "Kwa niaba yangu."

"Nani alimfundisha?"

"Mimi."

Mama Zamu hakuuliza nani alimfundisha Kinanda. Alifumba macho. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na angependa kukata simu na kulala, kesho ni zamu tena. Alibaki ameshika simu sikioni.

"Mwambie aache hapo alipofika," akasema. "Kaa umwandikie barua sasa hivi, na jina lake aliandike mwenyewe. Mimi nasubiri."