Matema wamefungwa na chungu

Jamani, Matema leo wamefungwa na chungu.

Tangu Mdachi wa misheni alete mpira wanatucheka sisi wa Itungi. Wakasema atakayeshindwa atawapigia wenzake kasia mpaka kwao.

Milingoti ya goli hakuna, tukaweka vyungu vya mama zao.

Tuko sare. Mfungaji wao, yule wa majivuno, kabaki peke yake na goli letu. Kipa wetu yuko chini.

Mama yake huyo mfungaji akapaza sauti kutoka pembeni, "We, chungu changu hicho, kesho nakiuza."

Basi akausukuma mpira taratibu, kama anamlaza mtoto. Kipa akaudaka, tukaenda kufunga.

Sasa anatupigia kasia, kanuna. Namwambia, "Vuta, bwana, hili halivunjiki."

Semeni wenyewe, huyo ni mfungaji?

Mama yake tumemshukuru: ndaga fijo, mama.