Sahani ya Majani Mabichi

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki tatu ni hili: ukijua jambo ambalo haliwezi tena kutengeneza chochote, kulisema ni wema au ni kutia chumvi kwenye kidonda? Nimeligeuza kila upande. Ndivyo nilivyo, hata barua ya kuomba kazi huiandika mara saba, kisha nakaa nikijiuliza kama neno "mheshimiwa" limezidi. Tangu nihitimu chuo sijapata kazi, kwa hiyo muda wa kuwaza ninao mwingi.

Aliyelichokoza swali lenyewe ni mama mmoja anayekaanga firigisi chini ya chumba ninachopanga hapa Bungoma. Kila jioni moshi wa kitunguu na pilipili hupanda hadi dirishani, na mimi huwa tena mtoto wa miaka tisa, niko Kitale, kinywa kimejaa, na baba yangu ananiuliza kitu.

Ili unielewe, lazima nikueleze kuhusu kuku. Kwetu Matulo, mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi, ambayo sisi huiita imondo, huwekwa mbele ya mwenye heshima hiyo. Nyumbani ni ya baba. Mke akipakua kuku bila firigisi, hakuna haja ya maneno: amekwambia kwamba wewe si kitu kwake. Msichana haigusi. Mimi nilikuwa nikiisafisha tu, nikibandua ile ngozi ya manjano ya ndani, na mara moja Mama alinidokolea kipande kidogo jikoni, akaniambia nikitafuna nifunge mdomo. Ladha yake sikuisahau, wala namna inavyokwaruza meno.

Mwaka huo Mama alikuwa ameondoka nyumbani. Baba alikuwa amemwaga mboga zake uani mbele ya wageni, ati zina chumvi. Mama alikunja kanga zake, akaenda kwa dada yake Kitale, akapata kazi ya jikoni kwenye mkahawa wa mwanamke mmoja Mfaransa ambaye kila mtu alimwita Madamu. Miezi mitano ikapita. Baba alikuwa akipika ugali unaonata kwenye kuta za sufuria, na mimi nilikula nikisema asante.

Ndipo Mama akatuma ujumbe: "Njooni mle pale ninapofanya kazi. Mkimaliza kula, tutaongea."

Shangazi, dada yake Baba, aliutafsiri ujumbe huo kwa dakika moja. "Wewe nenda. Usiulize maswali mengi. Angalia firigisi tu. Ukiiona, huyo bado ni mke wako. Usipoiona, nunua mkate urudi."

Baba alivaa koti lake la harusi. Njia nzima kutoka Webuye midomo yake ilikuwa ikitikisika, na tulipofika Kiminini nilisikia anachosema: "Mama Naliaka, nilikosa." Akajirekebisha: "Mama Naliaka, mimi ndiye nilikosa." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote, na nilitazama mahindi ya nje nisije nikamwaibisha.

Mkahawa wa Madamu ulikuwa nyumba ya zamani yenye meza ndogo ndogo, vitambaa vya mirabaraba myekundu na ubao mweusi kama wa shuleni, ila badala ya hesabu uliandikwa vyakula kwa chaki. Palinuka siagi, vitunguu vilivyoiva polepole, na kitu kichungu kidogo ambacho leo najua ni divai ndani ya mchuzi. Madamu, mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe, alitusalimia "Karibuni sana" kwa sauti ya puani, akatukalisha karibu na dirisha. Kwanza tukaletewa mkate. Baba aliutazama.

"Kijana," akamwambia mhudumu, "tumetoka Matulo kuja kula mkate bila chai?"

"Tulia, mzee," mhudumu akacheka. "Hapa chakula huja kidogo kidogo. Huo ni wa kuchezea tu, bana."

Kisha ikaja sahani moja, ikawekwa mbele ya Baba. Ilikuwa ya majani mabichi, yanang'aa mafuta, na katikati yake vipande vyembamba vya nyama nyeusi nyeusi.

"Mpishi amesema hii ni yako, mzee. Ameitengeneza mwenyewe."

Baba alingoja mhudumu aende. "Majani hayajapikwa! Sisi ni mbuzi? Na hata mbuzi huchagua." Akaisukuma sahani kwangu kwa nyuma ya mkono. "Kula wewe, una njaa. Mimi nangoja kuku."

Nilikula. Kipande cha kwanza kilipokwaruza meno yangu, nilijua. Nilikijua kama unavyojua sauti ya mtu wa kwenu. Ningesema wakati huo huo, mambo yangekwisha vizuri. Lakini nilikuwa tayari nimemeza, na msichana aliyemeza firigisi ya baba yake anaanzia wapi? Basi nikafanya anachofanya kila mwizi mdogo: nikaficha ushahidi. Nilifunga mdomo kama Mama alivyonifundisha, nikala hadi cha mwisho, nikapangusa mafuta kwa ule mkate wa kuchezea.

Kuku alipokuja, Baba alikaa wima. Alikuwa kuku wa mchuzi wa kahawia na vitunguu vidogo vizima. Baba alimpekua kwa uma, paja, bawa, mgongo, akarudia tena paja.

"Kijana, huyu kuku alizaliwa bila firigisi?"

"Ah, mzee, mimi hubeba sahani tu."

Baba akaweka uma chini taratibu. Akanigeukia. "Naliaka, wewe umeona firigisi?"

Ningali naiona sura yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akiniomba.

"Sijaona, Baba."

"Basi amenijibu," akasema, akasimama, akanishika mkono.

Tulipokuwa barabarani niligeuka. Kupitia dirishani nilimwona Mama ametoka jikoni na aproni yake, anajifuta mikono, anatabasamu kabla hajaona viti vitupu. Aliitazama meza kwa muda. Kisha akaokota sahani, akarudi ndani.

Hakurudi Matulo. Nilimtembelea wakati wa likizo, na habari za siku ile hatukuzigusa. Sasa yuko Saboti na mume mwingine na watoto wawili wanaoniita dada. Mkahawa ulifungwa Madamu alipoondoka nchini.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake tukichambua mboga. Mama alisema, bila hata kuinua macho: "Baba yako ni mtu wa ajabu. Nilimtengenezea firigisi zote za siku ile, na saladi ile ndicho kitu nilichofundishwa cha kwanza na Madamu. Nikasema ataonja ajue. Akala zote, Naliaka, akapangusa sahani kwa mkate, kisha akaondoka bila hata kunisalimu. Hapo ndipo nilipochoka."

Nilishika kisu cha mboga nisiweze kukata. Miaka yote nilidhani nilimdanganya mtu mmoja. Kumbe sahani ile tupu ilikuwa imemdanganya wa pili, na mimi ndiye niliyeipangusa. Sikusema kitu. Nilirudi Bungoma, na moshi wa firigisi ukaanza kunihoji kila jioni.

Jumamosi iliyopita nilinunua jogoo nikaenda Matulo. Baba amezeeka. Nilimpikia, nikaweka firigisi juu kabisa, nzima, nikamnawisha mikono. Kabla hajamega ugali, nikasema.

"Baba, siku ile Kitale firigisi ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya majani. Nilikula mimi, ukaniuliza nikakataa. Na Mama aliona sahani tupu, akajua ni wewe umekula."

Maji yalikuwa bado yanamdondoka vidoleni. Alikaa hivyo hadi yakakauka.

"Zote?"

"Zote, Baba."

"Zilikuwa tamu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, ila si hilo. "Tamu sana."

Akatikisa kichwa polepole. "Mama yako alijua kupika," alisema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo pia. "Yeye usimwambie. Ana nyumba yake sasa."

Kisha akalisogeza bakuli kwangu, firigisi ikiwa juu, kwa nyuma ya mkono.

"Kula wewe," akasema.

Nikala, huku ananitazama.