Msitu Waliouleta Oltepesi

Mume wangu anajua kuuliza maswali. Sikujua hivyo mpaka yule mwanamke wa Kajiado alipoanza kuja kwetu kila Jumapili mchana.

Tunaishi Kitengela, na sebule yetu ikishaingia ile meza ya mchezo, hakuna pa kumweka mtoto chini. Mchezo wenyewe ni wa kusimulia. Mtu mmoja anaongoza hadithi, na huyo ni mume wangu. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Anasema mtu huyo anafanya nini, halafu dadu inarushwa kuamua kama amefaulu au ameumia. Watu wazima na ndevu zao, wanapigia dadu kelele. Mwanzoni walikuwa wenzake wawili wa kazi kwenye machimbo ya mawe, na hao sikuwa na shida nao. Wananiita shemeji, wanakunywa chai, wanaenda.

Kisha wakapata kitabu cha safari ya msituni. Watu wanaingia msitu mkubwa kutafuta mji uliopotea, mvua haikatiki, mito kila upande. Mume wangu akasema mvua kama hiyo sisi hatuijui. Akaamua kuihamisha safari nzima, ailete kwa jua la huku, kutoka Kajiado kuteremka mpaka Oltepesi, barabara ya Magadi. Mto ukawa mto mkavu wa mchanga. Mtumbwi ukawa punda. Ruba wakawa kupe.

Sasa, mimi nimezaliwa Oltepesi. Wazazi wangu ni Wakamba waliohamia huko kutafuta kazi, na nimekua nikichota maji kwa mchanga. Huyu mwanaume alikuja huko kuniposa! Lakini alipotaka mtu wa kumweleza ukame, alimwalika mwanamke ambaye jamaa zake ni Waislamu wa kaskazini-mashariki, wauza mbuzi na ngamia, na yeye mwenyewe yuko na duka la nguo Kajiado mjini.

"Anajua mambo ya ukame," aliniambia.

Nilikuwa nafua nepi. Nikasema sawa.

Nilimtafutia kosa. Alivua viatu mlangoni, alileta sambusa, na alipombeba mtoto wangu, mtoto akanyamaza. Mtoto huyo ananililia mimi kutoka asubuhi! Na mume wangu anamwinamia mgeni huyo na kalamu: mbuzi anakaa muda gani bila maji? Upepo wa vumbi unaanzia wapi? Anauliza, halafu ananyamaza, anangoja jibu. Mimi ananiuliza kama kuna chumvi.

Jumapili moja nilikuwa jikoni nikibandika chai, nao ndani ya hadithi wamefika kwa kisima mchangani, karibu kufa kwa kiu.

"Tunateremka, tunakunywa," akasema mmoja wa wale wa machimbo. "Punda pia."

"Rusha dadu tuone kama maji ni safi," akasema mume wangu.

Nikatoka na mwiko mkononi. "Hicho kisima ni cha nani?"

Wakaniangalia.

"Cha nani vipi? Si ni mchanga tu, shemeji."

Walikuwa wamebadilisha miti, mto, hata kupe, lakini maji wameyaacha vile yalivyokuwa msituni, ya kila anayepita. Kwetu aliyechimba ndiye mwenyewe. Anazungushia miiba, na ukifika unasimama nje ya miiba mpaka uitwe. Hugusi debe la mtu.

"Mwenyewe ni mimi," nikasema, nikavuta kiti. "Mwenye kisima ni mwanamke, na namcheza mimi. Na huyo punda mtoe hapo kabla sijamvunja mguu."

Wanaume wakacheka sana. Yule wa Kajiado hakucheka. Alisogeza nyuma kile kijiwe kinachosimama badala ya mtu wake mezani, mbali na kisima.

"Nasimama nje ya miiba," akasema. Kisha akanitazama. "Takwenya, yeyo."

Ndivyo mwanamke anavyosalimiwa Kimaasai, kwa heshima kabisa. Nilitaka akosee. Aki nilitaka akosee! Ilibidi nimjibu kwa Kimaasai hichohicho.

"Iko. Ngoja hapo. Ng'ombe wangu bado wanakunywa."

"Nitangoja, dada."

Mume wangu akapiga meza kwa kalamu. "Mama watoto, wape maji, mchezo uendelee."

"Ng'ombe bado."

"Ng'ombe gani? Kwa kitabu hakuna ng'ombe!"

"Basi nenda ukachote kwa kitabu."

Mmoja wa wale wa machimbo akaziba mdomo kwa kiganja. Mume wangu akakiweka kitabu chini.

"Sawa. Wewe unataka nini ndio uwape?"

Nilikuwa nimepanga jambo la mchezo, mbuzi au kitambaa. Likatoka lingine.

"Nataka uniulize mimi. Kwetu ni hapo. Ulikunywa maji ya kisima hicho, mama yangu akakupa kwa mkono wake, na mimi ndiye niliyeyachota. Halafu unaenda kuuliza Kajiado!"

Yule mwanamke aliangalia sambusa zake. Jikoni maziwa yakaanza kufurika, tukayasikia yakiungua motoni. Sikuinuka. Mume wangu aliniangalia, nikamwangalia, na mwisho akainuka yeye.

Alirudi na chai mbaya, majani mengi kama dawa. Akaketi, akachukua kalamu.

"Hiyo miiba," akasema polepole. "Mlikuwa mnakata ya mti gani?"

Kisha akanyamaza, akangoja.

Nikamwambia ya oltepesi, mti ulioipa sehemu hiyo jina, na unakatwa vipi bila kuchomwa, na matawi yanalazwa yakielekea wapi. Akaandika yote.

"Na sisi tunakunywa lini?" akauliza yule wa Kajiado, akitabasamu. Mtoto wangu alikuwa amelala begani kwake.

"Kwanza nirudishie mtoto," nikasema. "Halafu ungoje. Ng'ombe wangu ni wengi."